Kuambukizwa mara ya pili: kinga ya korona ilimaanisha nini

Katikati ya Agosti 2020, mwanamume wa miaka 33 alishuka kwenye ndege Hong Kong akitokea Uhispania kwa kupitia Uingereza. Hakuwa na homa, hakukohoa, wala hakulalamikia chochote. Kama abiria wenzake, alitakiwa kutoa sampuli ya mate, na sampuli hiyo ikaonyesha kwamba alikuwa na virusi vya korona. Kilichowashtua madaktari ni kwamba jina lake lilikuwa tayari kwenye kumbukumbu zao: mwishoni mwa Machi mwaka huohuo alilazwa hospitalini kwa UVIKO-19, akapona, akaruhusiwa kwenda nyumbani katikati ya Aprili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walivisoma vinasaba vya virusi vya mara ya kwanza wakavilinganisha na vya mara ya pili, wakakuta tofauti ambazo zisingeweza kujitokeza ndani ya mwili wa mtu mmoja kwa muda mfupi hivyo. Tarehe 24 Agosti wakatangaza kisa cha kwanza duniani kilichothibitishwa cha mtu kuambukizwa tena, siku 142 baada ya mara ya kwanza.

Habari ile ilitia hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tangu tarehe 11 Machi 2020, siku Shirika la Afya Duniani lilipoutaja ugonjwa huu kuwa janga la dunia nzima, watu waliojifungia ndani, waliozika ndugu zao bila kuwaaga na waliohesabu siku za karantini moja baada ya nyingine walikuwa wameshikilia matumaini mawili. La kwanza ni kwamba aliyeugua akapona amekwisha kumalizana na ugonjwa huo. La pili ni kwamba chanjo ikipatikana, asiyeugua naye atakuwa sawa na aliyepona. Sasa, ikiwa ugonjwa wenyewe haukuacha kinga ya kudumu hata miezi mitano, sindano inayouiga itaacha nini? Swali hili liliulizwa kila mahali, na majibu mengi yaliyotolewa yaliongeza utata badala ya kuupunguza, kwa sababu neno moja lilikuwa limebebeshwa mizigo miwili.

Neno hilo ni kinga. Tunapolitamka, mara nyingi tunafikiria ukuta: kirusi kinakuja, kinagonga, kinarudi kilikotoka. Kinga ya namna hiyo ipo, nayo ni ile inayozuia maambukizi yenyewe. Lakini ipo kinga nyingine, ambayo haimzuii adui kuingia; inamkuta ameshaingia na kumdhibiti kabla hajafika kwenye mapafu. Mtu mwenye kinga hii ya pili anaweza kupimwa akakutwa na virusi, anaweza hata kupata mafua ya siku tatu, lakini hafiki kwenye mashine ya oksijeni. Tukimtazama tena yule abiria kwa macho haya, kisa chake kinageuka. Mara ya kwanza aliugua homa, kikohozi na maumivu ya kichwa. Mara ya pili hakuhisi lolote, na asingepimwa asingejua. Kinga yake ya kwanza ilikuwa imepungua, ya pili ilikuwa imefanya kazi yake barabara.

Ili kuelewa kwa nini kinga hizi mbili hutengana, inafaa kutazama kinachotokea mwilini baada ya kupona. Wakati wa ugonjwa, mwili hutengeneza kingamwili kwa wingi, yaani protini zinazokinasa kirusi na kukizuia kuingia ndani ya seli. Kirusi kikiisha, seli nyingi zilizokuwa zikizitengeneza hufa, na kiwango cha kingamwili kwenye damu hushuka. Mwaka 2020 kushuka huko kuliripotiwa kama ishara mbaya, ingawa hutokea baada ya takriban kila maambukizi. Mwili ambao ungetunza kiwango cha juu cha kingamwili kwa kila mdudu uliowahi kukutana naye ungekuwa na damu nzito kama uji. Kinachobaki ni seli za kumbukumbu. Baadhi, zinazoitwa seli B, hukumbuka namna ya kutengeneza kingamwili zilezile, na zingine, seli T, hutambua seli zilizokwisha kuambukizwa na kuziua. Kumbukumbu hii inaweza kudumu muda mrefu mno: mwaka 2020 watafiti wa Singapore waliwapima watu waliougua SARS mwaka 2003, ugonjwa wa kirusi kilicho ndugu wa hiki cha UVIKO-19, wakakuta seli T zao bado zinakitambua kirusi hicho miaka 17 baadaye.

Hata hivyo kumbukumbu haiamki papo hapo. Seli za kumbukumbu huhitaji siku kadhaa za kugawanyika na kuongezeka kabla hazijawa na nguvu ya kutosha, na hapa ndipo penye kiini cha suala zima la kuambukizwa tena, ingawa halikuelezwa vya kutosha wakati ule. Ni mbio za siku. Mtu aliyeambukizwa surua huanza kuugua baada ya siku 10 hadi 14, na katika kipindi hicho kirusi hulazimika kusafiri kwa njia ya damu kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Mwili wenye kumbukumbu una muda wa kuamka, kujipanga na kukikatia njia. Kirusi cha korona cha mwanzo kilichukua takriban siku tano tu, na cha Omicron, aina iliyojitokeza mwishoni mwa 2021, siku tatu hivi. Tena hakihitaji kupita kwenye damu ili kiambukize wengine: kinatua kwenye utando wa pua na koo, kinazaliana papo hapo, na siku moja au mbili kabla mtu hajajisikia vibaya kimeshaanza kutoka na pumzi yake. Kumbukumbu ikiamka siku ya nne au ya tano, inakuta pua imeshatekwa lakini mapafu bado yanaokoleka. Mtu huyo atakuwa ameambukizwa, na pengine ameambukiza wengine, lakini kwa kawaida hatakufa.

Surua yenyewe inatupa mfano bora wa kinga ya aina ya ukuta. Mwaka 1846 ugonjwa huo uliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako haukuwa umeonekana tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, alizunguka vijijini akiandika nani kaugua na nani kasalimika, akagundua kwamba wazee waliougua surua wakiwa watoto, miaka 65 kabla, hawakuugua tena hata mmoja kati ya wale aliowafuatilia. Ugonjwa mmoja, kinga ya maisha. Kwa bahati mbaya wengi wetu tulichukua mfano huu, pamoja na ule wa ndui, tukautarajia kwa kila ugonjwa. Lugha yetu yenyewe inaubeba: chanjo ni neno lililotoka kwenye kuchanja ngozi, kama ilivyofanywa dhidi ya ndui, ugonjwa ambao mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Lakini ndui haikuwa na mnyama wa kujifichia, ilijionyesha wazi usoni, na mgonjwa hakuwa akiisambaza kabla hajaugua. Korona haina hata sifa moja kati ya hizo.

Mfano sahihi zaidi ulikuwa karibu nasi siku zote, kwenye pua zetu. Kuna virusi vinne vya jamii ya korona ambavyo vimekuwa vikiwaletea binadamu mafua ya kawaida kwa miongo mingi. Nchini Uingereza, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, watu waliojitolea walitiwa kimojawapo puani kwa makusudi, kisha baada ya mwaka mmoja wakatiwa tena kilekile. Wengi walioambukizwa mara ya kwanza waliambukizwa tena, lakini safari hii hakuna aliyeugua mafua. Nao watafiti wa Amsterdam walichambua damu ya wanaume 10 iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi, mingine ikirudi nyuma hadi miaka ya 1980, wakaona kwamba watu hao walikuwa wakiambukizwa virusi hivyo tena na tena, mara nyingi baada ya miezi 12. Kwa hiyo aliyezifahamu korona za zamani hakushangazwa na abiria wa Hong Kong. Alishangazwa zaidi na jinsi taarifa hii ilivyochelewa kuwafikia watu wa kawaida, ambao ndio walioihitaji.

Ni kweli pia kwamba si kila kilichoitwa maambukizi ya pili kilikuwa hivyo. Aprili 2020 Korea Kusini iliripoti zaidi ya watu 200 waliopona, wakapimwa wakaonekana hawana virusi, kisha wakapimwa tena wakaonekana wanavyo. Dunia ilitaharuki. Maelezo yake yalikuwa ndani ya kipimo chenyewe, kwa sababu kipimo cha PCR hakitafuti kirusi kizima. Kinatafuta kipande cha vinasaba vyake na kukirudufu mara nyingi mpaka kionekane. Seli zilizokufa za njia ya hewa huendelea kujibandua kwa wiki kadhaa zikiwa na mabaki ya kirusi ndani yake, na mabaki hayo hutosha kabisa kukifanya kipimo kisome kwamba virusi vipo. Maafisa wa afya waliwafuatilia watu waliokuwa karibu na wagonjwa wale, wasipate ushahidi kwamba kuna yeyote aliyeambukizwa nao. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba anayedai ameambukizwa tena aonyeshe virusi viwili vyenye vinasaba tofauti, au angalau siku 90 ziwe zimepita kati ya kipimo na kipimo.

Kisa kilichotisha kwa haki kilitoka jimbo la Nevada, Marekani, ambako kijana wa miaka 25 aliugua kidogo Aprili 2020, akaugua tena Juni, na mara ya pili akahitaji oksijeni. Virusi vyake vilikuwa tofauti, kwa hiyo hayakuwa mabaki. Kisa kama hicho kinaweza kutokea mtu akipata dozi kubwa ya virusi, au mwili wake ukiwa haukujenga kumbukumbu ya kutosha mara ya kwanza. Lakini kisa kimoja hakitoi uwiano. Uingereza iliwafuatilia maelfu ya wafanyakazi wa hospitali, watu waliokutana na wagonjwa kila siku, na matokeo ya kwanza ya Januari 2021 yalionyesha kwamba kati ya wafanyakazi 6,614 waliowahi kuambukizwa, 44 walidhaniwa kuambukizwa tena. Ulinzi huo ulikadiriwa kuwa asilimia 83 kwa angalau miezi mitano. Ndugu zangu waliokuwa wakisema kwamba kuugua hakuachi kinga yoyote, na wale waliosema kwamba aliyepona hana haja tena ya barakoa, wote walikuwa wamekosea.

Chanjo nazo zilikuja kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Vinasaba vya kirusi vilichapishwa kwa ajili ya dunia nzima Januari 2020. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, alichomwa sindano mjini Coventry, Uingereza, akiwa mtu wa kwanza kupata chanjo ya Pfizer na BioNTech nje ya majaribio. Kabla ya hapo chanjo iliyokuwa imetengenezwa haraka kuliko zote, ya matubwitubwi, ilichukua miaka minne hivi katika miaka ya 1960. Kasi hii iliwatia shaka watu wengi wenye akili timamu, na ninaona walistahili maelezo badala ya kukemewa. Kazi ya msingi haikuanza 2020. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 njia ya kuirekebisha mRNA, yaani maelekezo ambayo seli huyasoma ili kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie mara tu inapoingia, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Na SARS ya 2003 pamoja na MERS ya 2012, ugonjwa mwingine wa jamii ya korona, zilikuwa zimeshawafundisha watafiti kwamba shabaha ni protini ya miiba iliyo juu ya kirusi. Fedha zilitolewa mapema, viwanda vikaanza kuzalisha kabla majibu hayajatoka, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea kila mahali, majaribio hayakulazimika kungoja miaka ili wagonjwa wa kutosha wapatikane.

Kazi ya kuchanja yenyewe ilitaka utulivu wa ajabu. Kichupa cha chanjo ya Pfizer kilitoka kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Muuguzi alisubiri kiyeyuke, akakigeuza juu chini mara kumi kwa upole, maana dawa hiyo haikutakiwa kutikiswa, akaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi, akakigeuza tena mara kumi. Kisha akavuta dozi za mililita 0.3, na kuanzia hapo alikuwa na saa sita tu za kuzitumia zote. Ndani ya kila dozi mlikuwa na vitone vidogo mno vya mafuta vyenye maelekezo ya kutengeneza protini moja ya kirusi. Seli huyasoma, huitengeneza protini hiyo, na baada ya muda mfupi maelekezo yenyewe huvunjwavunjwa bila kugusa vinasaba vya mtu.

Sasa tuje kwenye ile asilimia 95 ya ufanisi iliyotangazwa kwa chanjo ya Pfizer na BioNTech, tarakimu iliyoleta furaha kubwa na baadaye manung'uniko makubwa. Zaidi ya watu 43,000 walijitolea, nusu wakapewa chanjo na nusu maji ya chumvi. Watu 170 wakaugua: 162 kutoka kundi la maji ya chumvi na 8 kutoka kundi la chanjo. Hapo ndipo asilimia 95 ilipotoka. Haina maana kwamba katika kila watu 100 waliochanjwa, watano wataugua. Waliougua walikuwa wanane kati ya zaidi ya 18,000. Na kuna jambo muhimu zaidi ambalo magazeti mengi yalilipita: jaribio hilo lilihesabu watu waliokuwa na dalili wakapimwa wakakutwa na ugonjwa. Halikumpima kila mtu kila wiki ili kuona nani amebeba virusi bila kujua. Kwa maneno mengine, kilichothibitishwa ni kwamba chanjo inazuia kuugua. Wasikilizaji walisikia kwamba inazuia kuambukizwa, na viongozi wengi, kwa nia njema au kwa haraka, wakawaacha waamini hivyo.

Kwa miezi ya mwanzo kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa kingamwili zilikuwa bado nyingi kwenye damu za waliochanjwa na kirusi kilikuwa bado kinafanana na kile ambacho chanjo ilikilenga. Kisha tarehe 24 Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliripoti aina mpya, na siku mbili baadaye ikapewa jina la Omicron. Ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya miiba peke yake. Kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya umbo la zamani zilishindwa kuinasa vizuri, na waliopona na waliochanjwa wakaanza kuambukizwa kwa wingi. Wengi walihisi wamedanganywa. Lakini seli T hazitazami umbo la nje; zinatambua vipande vidogovidogo vya kirusi kutoka sehemu nyingi, na vingi kati ya hivyo havikuwa vimebadilika. Ndiyo maana maambukizi yalipanda kama mlima huku vifo, katika jamii zilizochanjwa, vikipanda kwa kiwango kidogo mno kulinganisha na mawimbi ya kabla. Watafiti wa Imperial College London walikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa matumizi yake, chanjo zilizuia vifo milioni 14.4 tukihesabu vifo vilivyoripotiwa tu, na karibu milioni 20 tukihesabu na vile visivyoripotiwa.

Wapo waliopendekeza njia nyingine: virusi viachwe visambae, kinga ya jamii ijijenge yenyewe. Manaus, jiji la Brazil lililo ndani ya msitu wa Amazon, lilipitia jambo hilo bila kulichagua. Watafiti walikadiria kwamba hadi Oktoba 2020 takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, na kwa hesabu zilizokuwa zikitumika wakati ule, wimbi la pili lisingewezekana. Januari 2021 hospitali za jiji hilo ziliishiwa oksijeni. Huenda makadirio yalizidi kiasi. Lakini pia kinga ya wimbi la kwanza ilikuwa imepungua, na aina mpya, Gamma, ilikuwa imejitokeza palepale. Siwezi kuyasoma maelezo ya familia zilizotafuta mitungi ya oksijeni mtaani wiki zile bila kuamini kwamba njia hii ya kupata kinga ilikuwa ya kikatili, hata pale iliposemwa kwa lugha ya kitaalamu.

Chanjo zenyewe hazikukosa madhara. Ile ya AstraZeneca na ile ya Johnson & Johnson ziliwasababishia watu wachache sana kuganda kwa damu kwa namna ya hatari, na zile za mRNA zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa vijana wa kiume, ambao wengi wao walipona. Hatari hizi zilipimwa na kutangazwa, na baadhi ya nchi zilibadilisha umri wa wanaopewa chanjo fulani. Ubaya mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa kwenye mgawanyo. Shehena ya kwanza ya COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, dozi 600,000, ilitua Ghana tarehe 24 Februari 2021, na mwaka huo ulipoisha, chini ya mtu mmoja kati ya kumi barani Afrika alikuwa amekamilisha chanjo, wakati nchi tajiri zilikuwa zikitoa dozi ya tatu.

Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo la dharura tarehe 5 Mei 2023, na kirusi kikabaki. Takriban kila mtu sasa ameambukizwa au amechanjwa au yote mawili, na waliopata yote mawili ndio wenye kinga pana zaidi, ingawa hilo si sababu ya mtu kuutafuta ugonjwa, kwa sababu maambukizi ya pili au ya tatu bado yanaweza kumwachia mtu uchovu, kukosa pumzi na ukungu wa akili kwa miezi. Kwa mzee, au kwa mtu ambaye dawa za saratani zimepunguza nguvu za mwili wake, dozi ya nyongeza iliyolinganishwa na kirusi cha msimu huo hupandisha kingamwili kwa miezi kadhaa na kuikumbusha kumbukumbu kazi yake. Kwa kijana mwenye afya faida hiyo ni ndogo zaidi, na ndiyo maana mapendekezo ya nchi mbalimbali hayafanani.

Matumaini yaliyobaki yako puani. Sindano ya mkono hujaza kingamwili kwenye damu, lakini hufikisha chache kwenye utando wa pua, mahali hasa ambapo mbio za siku hupotezwa. Mwaka 2022 China iliidhinisha chanjo ya kuvuta kwa pumzi na India ikaidhinisha ya matone ya puani, na maabara nyingine zinaendelea kutafuta chanjo itakayoacha seli za kumbukumbu papo hapo kwenye utando huo, ili kirusi kikitua kisizikute zikiwa bado zinaamka mbali.